Picha ya Miguu

Kigari cha kwanza kupanda mtaa wetu hakikuja kwangu. Kilikwenda nyumba ya pili, kwa mke wa koplo, na mimi nilisimama mlangoni na ufagio mkononi nikakitazama kikipanda. Kilikuwa cha bluu, magurudumu matatu, na hakina pa kukanyagia. Kinaendeshwa kwa mikono, unazungusha mbele ya kifua kama mtu anayesaga mahindi. Aliyekaa juu yake alikuwa binti yake wa mwisho, yule mshonaji, ambaye tangu nimjue alikuwa akijivuta chini kwa mikono, ndara kazivaa viganjani. Siku hiyo ndara zilikuwa miguuni. Tena alikuwa na kengele. Mungu wangu, ile kengele! Aliwapigia mbuzi, akawapigia kuku, akawapigia hata watu waliokuwa wamekwisha kumpisha.

Mama yake alitembea nyuma bila kusukuma chochote, mikono ameifunga mgongoni kama afisa anayekagua gwaride.

"Mama Sajini, umeamkaje?" akaniita.

"Vizuri. Naona mmenunua pikipiki."

"Hatujanunua, mama. Serikali imetupa."

Serikali imetupa. Alisema vile mtu anavyosema shemeji yangu amenipa. Niliingia ndani nikafagia sakafu niliyokuwa nimeshaifagia.

Lazima nieleze, maana mtu ambaye hakuishi kambini hawezi kuujua uchungu huu. Waume zetu wote wawili walikuwa askari. Walitoka kaskazini, wakaingia jeshini baada ya vita vya themanini na sita, wakaletwa Makindye, hapa Kampala, na sisi tukafuata na masufuria. Wangu alikuwa sajini. Wake alikuwa koplo, na akafa koplo. Kambini mke huvaa cheo cha mume wake hata kama hakuna aliyekishona begani. Bombani, mke wa sajini huweka mtungi mbele ya mke wa koplo. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini jaribu kuiruka uone kama ndoo yako haitaviringika mpaka mtaroni. Msibani, mke wa sajini hukaa mkekani karibu na mfiwa, na mke wa koplo huosha vyombo. Yule mwanamke alinipisha bombani miaka yote ile. "Pita, mama," alikuwa akisema, nami napita. Waume walipokufa tukatolewa katika nyumba za serikali, tukapanga vyumba kwenye mteremko mmoja, mimi juu, yeye chini yangu. Hata maji yangu ya kufulia yalipita mbele ya mlango wake. Mambo yalikuwa yamekaa yanavyopaswa kukaa.

Sasa hesabu ilikuwa imegeuka, na kengele ilikuwa inalia.

Wajukuu ninao wengi, na wote wazuri, lakini nitamzungumzia mmoja, yule niliyemlea mimi. Homa ilimshika akiwa bado ananyonya, na ilipoondoka ikaondoka na miguu. Mama yake, binti yangu, alipata mume mwingine huko kwetu, na mume yule akasema hataki mtoto wa kubebwa. Nikatuma neno: mleteni, mgongo ninao. Nilimbeba kwa kanga. Alipoizidi kanga nikambeba hivi hivi, mikono yake shingoni mwangu, kidevu begani kwangu upande wa kushoto, kwenda shule ya msingi na kurudi, matope na vumbi. Akiwa wa kwanza darasani alikuwa mwepesi kama mwiko. Muhula mmoja alikuwa wa pili, na wallahi nilimsikia uzito.

Akamaliza la saba. Alipasi kuliko watoto wote wa mteremko ule, na wengine wao wana miguu minne, miwili yao na miwili ya boda boda ya baba. Sekondari iliyomkubali iko ng'ambo ya bonde. Mwalimu mkuu wa huko hakuzunguka. Aliniambia mtoto aje na kiti chake cha magurudumu, maana madarasa yametawanyika na shule haina mtu wa kubeba mtu. Boda boda ningeiweza siku moja, siku mbili. Halafu akifika nani atamshusha, nani atampeleka chooni? Na mgongo wangu ulikuwa umeanza kunisaliti. Naweza kumfikisha barabara ya lami, baada ya hapo naona nyota mchana. Bila kiti, yule mtoto aliyepasi angekaa chumbani akimenya matoke na kunisomea magazeti yaliyofungiwa sabuni. Shule zilikuwa zinafunguliwa mwezi wa pili.

Basi nikavaa gomesi yangu ya sikukuu, ile yenye mabega yaliyochongoka, nikaenda ofisi za divisheni.

Kampala ukisema Kiswahili, watu wa ofisini hukaa wima kidogo, maana miaka mingi lugha hii ilikuwa ya mtu mwenye bunduki. Mimi ndiyo lugha iliyonilea kambini, na mahali panapohitaji heshima huwa sioni ubaya kuitumia. Afisa wa maendeleo alikuwa kijana wa tai fupi. Nilimsalimu kwa sauti ya kambini, akanivutia kiti. Nikamwekea mezani cheti cha jeshi cha marehemu, kile chenye muhuri wa rangi nyekundu.

"Jaja, hiki cha nini?" akauliza, kwa lile neno la Waganda la kumwita bibi.

"Cha sajini. Miaka yake yote imeandikwa hapo. Nimekuja kuchukua kiti cha mjukuu wangu."

Alikisoma chote, kwa adabu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Jaja, hii ruzuku ya vifaa haiulizi cheo. Inauliza kikundi."

"Kikundi gani? Mtoto ni mmoja."

"Serikali haimpi mtu mmoja mmoja. Inakipa kikundi cha walemavu, pamoja na wazazi wa wale wadogo. Kikundi kiwe na katiba, barua ya ssentebe, yule mkuu wa mtaa, akaunti ya benki, na viongozi. Kikishakubaliwa, ndipo kila mwanachama anajaza fomu ya kifaa anachohitaji. Lakini wewe una bahati. Mtaani kwenu kipo tayari, na ndicho kikundi changu bora. Mwenyekiti wao ni mama mmoja hodari sana, mjane wa mwanajeshi kama wewe..."

Hakuhitaji kumaliza. Nilijua kwa vile uso wake ulivyong'aa. Kumbe mke wa koplo alikuwa na nyuso zinazong'aa kwa ajili yake mpaka divisheni.

Nilikaa wiki nzima nikitafuta kikundi kingine. Kule Kyebando kulikuwa na kimoja, wakaniambia si mkazi. Kingine kilikuwa cha viziwi tu. Jumapili baada ya kanisa nikashuka kwa jirani yangu, nikitazama pembeni kama mtu anayemfuata kuku wake aliyepotea.

Walikuwa wamekaa barazani kwake: binti yake kwenye kigari, mzee mmoja kipofu anayesuka vikapu, na wazazi kadhaa wenye watoto mapajani. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo.

"Pita, mama," akasema, na akanionyesha benchi.

Nikakaa. Nikaeleza shida yangu, kwa ufupi.

"Tunakukaribisha," akasema. "Jambo moja tu, Mama Sajini. Kwenye kikundi hatuitani vyeo vya waume. Hao wamelala. Hapa kila mtu ana kazi yake."

"Sawa."

"Sawa, nani?" akauliza mzee kipofu, meno yote nje. Alikuwa mchokozi yule, na macho yake yaliyokufa yalikuwa yanacheka kuliko ya wazima.

"Sawa, mwenyekiti," nikasema. Nikakung'uta vumbi la benchi nililokuwa nimeshalikalia.

Mimi nimesoma hadi darasa la tatu, na mengine nikajifunza kwa mjukuu wangu alipokuwa akifanya kazi za shule mezani. Fomu niliijaza mwenyewe. Jina la mwanachama, jina la mlezi, aina ya ulemavu, kifaa kinachoombwa. Niliandika kwa herufi kubwa ili asije mtu akasema hakuona. Barua ya ssentebe nikaipata, ya daktari nikaipata baada ya kushinda kwenye foleni na uji kwenye chupa. Mke wa koplo alipitia karatasi zote kidole kwa kidole, akipiga muhuri wa kikundi. Muhuri alikuwa nao kwenye mkoba wa shanga, na kila akiupiga aliupulizia kwanza pumzi, haa, kama mtu anayesafisha miwani. Nilitamani ule muhuri kuliko nilivyowahi kutamani nguo.

"Imebaki picha," akasema. "Picha nzima, kichwa mpaka vidole."

"Najua picha ni nini. Nilipigwa picha wewe hujakijua kioo."

Akaurudisha muhuri mkobani.

Nilimpeleka mtoto Kisenyi, kwenye studio iliyo juu ya duka la vipuri, kwa sababu pale mtaani kwetu mpiga picha anakusimamisha mbele ya ukuta kama mfungwa. Nilimpandisha zile ngazi kwa mgongo, gereji zinagonga chini, harufu ya oili mpaka puani. Yule mtu wa studio alikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na kiti cha kitambaa chekundu cha manyoya chenye mikono ya dhahabu. Nilikuwa nimeazima gauni jeupe la kipaimara, refu, la kufika chini. Nilimvalisha soksi. Nilimvalisha viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga, nikavijaza pamba mbele ili vikae vizuri. Nikampa kitabu mkononi. Mpiga picha akapanga mikunjo ya gauni ikamwagika kama maji yale ya pazia.

"Jaja, nicheke?" mtoto akauliza.

"Usicheke. Mtu wa heshima hachekicheki kwenye picha."

Picha ilipotoka niliitazama barabarani, nikaitazama kwenye kituo cha teksi, nikaitazama tena nyumbani kwenye mwanga wa dirisha. Binti wa waziri! Nilishuka nayo kwa mwenyekiti nikaiweka mezani pake bila kusema kitu. Niliwahi kuiona ile ya binti yake kwenye faili la zamani: amekaa chini kwenye vumbi, sketi imepanda, miguu imejikunja mbele yake. Nikasema moyoni, angalia sasa wenzako wanavyofanya.

Aliiangalia muda mrefu. "Mtoto mzuri," akasema. Haa, akapulizia muhuri, akagonga.

Faili la kikundi likaenda. Halafu likarudi, lote, la mzee kipofu na fimbo yake nyeupe, la wale watoto wa mapajani, kwa sababu ya karatasi moja. Afisa wa tai fupi aliniita peke yangu.

"Jaja, huyu kwenye picha ni nani?"

"Mjukuu wangu. Umependa?"

"Ni bibi arusi huyu. Mlemavu yuko wapi?"

"Ndiye huyo. Daktari ameandika."

Akavua miwani. "Wakubwa wanaoamua hawaji Makindye, jaja. Wanafungua faili, wanaona msichana amekaa kwenye kiti cha mfalme, amevaa viatu vilivyofungwa kamba. Watasema huyu anatembea. Watu wanadanganya kweli; nimeletewa picha ya mwanamume amekunja mguu mzima ndani ya suruali. Picha lazima ionyeshe. Miguu yenyewe, bila nguo juu yake. Niletee, mwisho Ijumaa, la sivyo kikundi chote kinangoja mwaka ujao."

Nilimwambia nimesikia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa saruji, karibu na wauza maembe, na kila aliyepita nilimwona kama ameshaiona miguu ya mjukuu wangu.

Watu walikuwa hawajaiona. Hilo nataka lieleweke. Tangu alipokuwa mdogo nilimwogesha mimi, mlango umefungwa. Sketi zake zote nilizishusha pindo. Mtaani walijua kwamba hatembei; kwa nini, na miguu yenyewe inafananaje, hilo lilikuwa letu wawili. Mke wa koplo alikuwa ameiacha ya binti yake wazi, inaburutwa barabarani kila mtu akaizoea. Mimi nilikuwa nimefunika, na nilijiona bora kwa kufunika. Sasa mtu ainunue miguu ile kwa kiti? Wairushe kutoka meza hii hadi meza ile, na chai juu yake?

Nyumbani mtoto aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia bado wanaangalia.

Alhamisi nilikwenda sokoni kama kawaida. Nauza odii, siagi ya ufuta na karanga ya kwetu, ambayo Waganda hujifanya hawaipendi halafu wanarudi na kijiko. Sikuuza sana. Nilikuwa nampimia mteja huku nafikiria Ijumaa, nampa chenji ya mwenzake. Nikafunga mapema, nikapanda nyumbani, nikasukuma mlango. Kitanda kitupu. Mkeka mtupu. Sufuria ya matoke maganda nusu, kisu juu yake.

Mtoto asiyetembea ameondoka. Mtu ambaye hajapata hilo hawezi kujua damu inavyokimbilia masikioni. Nilishuka mbio, kilemba kikaanguka. Yule mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake.

"Jaja, usiogope. Wamekwenda kupiga picha."

"Nani na nani?"

"Na mama."

"Wamekwenda vipi? Si kigari hicho hapo?"

Alikata uzi kwa meno kabla ya kunijibu. "Kimetoboka gurudumu. Mama amembeba."

Amembeba! Nilirudia neno hilo hapo barazani kama mtu anayeambiwa habari ya kifo anavyorudia jina. Nilikuwa nimemwonea wivu yule mwanamke kwa kigari, kwa kengele, kwa kiti chenye mgongo, kwa muhuri, kwa afisa anayemsifu. Huo wote ulikuwa wivu wa kuwashwa tu, wa kujikuna ukapona. Huu sasa haukuwa wa kujikuna.

Halafu nikawaona. Walikuwa wanapanda kutoka barabarani, polepole, mke wa koplo ameinama mbele, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji. Mtoto yuko juu yake. Mikono shingoni, kidevu begani. Upande wa kushoto. Wauza mkaa walikuwa wanatazama, fundi viatu anatazama, mtaa mzima unatazama mjukuu wangu kwenye mgongo wa mtu mwingine.

"Mshushe," nikasema.

"Ngoja nifike mlangoni kwako."

"Mshushe hapa hapa."

"Kwenye mtaro? Una akili wewe?" Akapita mbele yangu. Hakusema "pita, mama" wala hakuningoja. Akaingia chumbani kwangu, akamketisha kitandani taratibu, akauegemea mlango akihema.

"Nani alikupa ruhusa ya kumshika mtoto wangu?"

"Mimi, jaja," mtoto akasema. "Nilimwita mimi. Niligonga ukuta mpaka akasikia."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba kesho ni Ijumaa. Babu wa vikapu aliniambia kupitia dirishani, faili limerudi kwa sababu yangu. Kikundi chote wanajua. Wewe ndiye uliyefikiri mimi sijui."

"Umewaonyesha watu miguu?"

"Ni miguu yangu, jaja! Kwani ni ya nani? Miaka yote unaificha kama umeiiba."

Nikamgeukia mkubwa mwenzangu. "Na wewe, ile picha ya kwanza. Ulijua wataikataa?"

"Nilijua."

"Ukapiga muhuri."

"Ningekwambia, ungenisikia? Mimi?" Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Miaka yote ile nilikuwa nakuambia mtungi wako una ufa, na wewe unaniambia mke wa koplo anajua nini kuhusu mitungi."

Akaondoka. Mtoto akanipa bahasha.

Nimeitazama picha ile mara nyingi na bado sijaizoea. Amekaa kwenye ngazi ya duka, mchana kweupe, sketi ameipandisha mwenyewe juu ya magoti na kuikunja vizuri pembeni. Miguu iko mbele, myembamba kama fimbo za muhogo, mmoja umejigeuza ndani. Hakuna pazia. Na anacheka. Anacheka mpaka lile jino lake la nyuma lililotoboka linaonekana. Nikamuuliza anacheka nini.

"Yule jaja alikuwa nyuma ya mpiga picha, anamwiga anavyofumba jicho moja."

Basi. Miaka yote nimembeba, nimemwogesha, nimempiga mswaki, na mimi sijui kuiga mtu anayefumba jicho. Usiku ule sikulala nikitafuta kitu nilichowahi kufanya kikamchekesha namna ile. Nilipata kimoja, siku niliyokalia sufuria, na hicho sikukifanya kwa makusudi.

Asante sikusema. Asubuhi nilivaa gomesi, nikachukua picha, nikasema naipeleka mimi. Hilo nilikataa kumwachia. Afisa aliitazama mara moja tu.

"Hii ndiyo," akasema. "Nani kaipiga? Ni nzuri."

"Kikundi," nikasema, na nikatoka kabla hajauliza zaidi.

Viti vilikuja shule zikiwa zimeshafunguliwa. Waliweka hema kwenye uwanja wa divisheni, soda, hotuba, mheshimiwa mmoja aliyesema tangu asubuhi mpaka watoto wakaanza kulala kwenye viti vyao vipya. Cha kwetu kilikuwa cheusi, magurudumu makubwa nyuma, na mtoto aliwekwa juu yake akashika yale magurudumu kabla hata sijamfundisha, akazunguka hapo hapo kama anayecheza ngoma. Nilipiga vigelegele. Nilipiga peke yangu na sikujali. Halafu nikatafuta pa kutia sahihi.

"Mwenyekiti ndiye anayetia sahihi," afisa akasema. "Kiti ni mali ya kikundi, jaja. Mtoto anakitumia."

Tena walikuwa wameshakiandika. Nyuma, pale mgongo wa mtoto unapoegemea, kwa rangi nyeupe, jina la kikundi cha mke wa koplo. Popote mjukuu wangu atakapokwenda, jina lile litamfuata, na mimi ninayesukuma nitakuwa nalo puani. Nilifikiria kisu cha jikoni. Nilifikiria kitambaa cha kufunika, kilichofumwa vizuri. Kitambaa nilikifuma kweli, cha manjano, na mtoto akakivua siku ya kwanza kwa sababu kilikuwa kinaingia kwenye gurudumu.

Jumatatu nikamshusha mpaka shule. Kushuka mteremko wetu na kiti kile ni kumshika ng'ombe anayeelekea mtoni. Nilikuwa nimeegemea nyuma mpaka visigino vinalia. Yeye anapiga kelele za furaha, mimi nasali. Langoni akaniambia, "Basi, jaja, hapa inatosha," akaingia mwenyewe kwenye ile njia ya saruji, na hakugeuka. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni akamwamkia kwa jina.

Jioni niliondoka sokoni mapema, maana kupanda ndiyo kazi, na kazi hiyo nilikuwa nimejiwekea. Nilipofika langoni, mke wa koplo alikuwa ameshakaa kwenye jiwe, anakula karanga.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukagua mali ya kikundi," akasema, na akatupa ganda.

"Nitasukuma mimi."

"Na mgongo huo? Utakibwaga mtaroni na mtoto ndani yake. Tushike wote, mkono mmoja mmoja."

"Nimesema mimi."

Tulikuwa bado tunabishana, tena kwa sauti, askari wa lango ameshaanza kutuzoea, ndipo walipotoka. Kundi la wasichana wa sare, wawili kwenye vishikio, mmoja amekamata pembeni, wengine wanakimbia mbele wakiondoa mawe njiani. Wote wanasema kwa pamoja na mjukuu wangu katikati anasema kuwazidi. Nilikuwa sijawahi kumwona akiwa chini ya watu waliosimama na asionekane mdogo. Nikaenda kushika kishikio. Wale wawili wakanitazama kwa heshima na hawakuachia.

"Jaja, tutaweza," mmoja akasema. "Tunaishi huko huko."

"Jaja, shika begi," mjukuu wangu akaniambia, akalitupa kutoka mapajani mwake mpaka mikononi mwangu, na wakaanza kupanda. Walipanda kwa mbio! Kile kilima kilichokula kiuno changu walikipanda wanaimba, na vumbi likabaki kwetu.

Tukafuata, wanawake wawili wazima wenye mikono mitupu, isipokuwa mimi nilikuwa na begi. Lilikuwa limejaa vitabu vipya, zito kweli, kamba inakata bega. Mke wa koplo alinitazama nikilihamisha huku na huku, akanyoosha mkono.

"Lete nikusaidie."

"Acha," nikamwambia. "Begi si la kikundi."

Nikalibeba mwenyewe mpaka juu.